Jicho jekundu linalodunda si la salfa wala la vikope

Katika wilaya za Masasi na Newala jicho jekundu si jambo la kumshangaza mtu. Ukifika msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiri unga, kuanzia mwezi wa Mei au Juni hivi, vumbi lile la njano humwingia machoni mpulizaji, na hata mpita njia asiyekuwa na shamba. Nje ya msimu kuna vumbi la barabara. Kuna pia vikope, yaani trakoma, ugonjwa uliowasumbua watu wa kusini kwa miaka mingi, hasa mahali ambapo maji ya kunawa uso ni ya shida, na shida ya maji huku juu kwenye uwanda wa Makonde kila mtu anaijua. Isitoshe, Januari 2024 Wizara ya Afya ilitoa tahadhari juu ya mlipuko wa macho mekundu uliojitokeza Dar es Salaam na mikoa mingine.

Kwa sababu hiyo jicho jekundu lina majibu yake yaliyozoeleka: nawa kwa maji safi, paka dawa ya tetrasaiklini, weka matone, subiri. Na mara nyingi majibu hayo ni sahihi. Leo nataka tuzungumzie jicho jekundu moja ambalo majibu hayo yote ni makosa. Ni ugonjwa wa nadra, wala sisemi kwamba kila kijiji kina mgonjwa wake. Lakini anayeupata akicheleweshwa hupoteza uwezo wa kuona, na wakati mwingine hupoteza maisha. Cha kusikitisha ni kwamba kipimo chake cha kwanza hakihitaji umeme wala mashine ya mamilioni. Kinahitaji kile chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo ambacho mganga wa zahanati hukivaa shingoni kila siku.

Tuchukue mfano. Kijana wa bodaboda anashuka kutoka Newala kuelekea Masasi, hajavaa kofia ngumu, anaanguka na kupiga kichwa. Anapoteza fahamu kwa muda, anafikishwa hospitali, anashonwa, anakaa siku tatu na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Watu wanamshukuru Mwenyezi Mungu. Wiki tatu baadaye jicho lake la kulia linaanza kuwa jekundu. Hakuna tongotongo, hakuna muwasho wa maana, ila kope inavimba. Usiku, kijiji kikishakuwa kimya, anasikia ndani ya kichwa mvumo kama wa cherehani ya jirani, unakwenda na mapigo ya moyo: vuu, vuu, vuu. Anawaamsha wenzake awaulize kama wanasikia. Hawasikii kitu. Akiinama kusujudu, mvumo unazidi na jicho linakuwa kama linataka kutoka.

Ananunua matone dukani, hayasaidii. Ananunua mengine. Jicho linaanza kuchomoza, anaanza kuona vitu viwili viwili. Kwa kuwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nyumbani wanaanza kunong'ona kuhusu majini. Kuanguka pikipiki kumeshasahaulika. Hata anapokwenda zahanati hakutaji, na mganga hamuulizi.

Hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Nawaomba wasomaji walio katika kazi ya tiba, mkiona jicho jekundu la upande mmoja, ulizeni kwanza juu ya ajali: pikipiki, kuanguka kutoka kwenye mkorosho au mwembe, kupigwa kichwani. Wala msiulize ya jana tu. Ulizeni ya miezi iliyopita, maana dalili zinaweza kuanza siku ile ile na zinaweza kungoja kwa wiki kadhaa.

BOMBA LILILOPASUKA NDANI YA TANGI

Tueleze sasa kinachotokea. Damu inatoka kwenye moyo kwa mishipa yenye nguvu iitwayo ateri, na inarudi kwenye moyo kwa mishipa laini iitwayo vena. Kwa kawaida hizi mbili hazikutani ana kwa ana. Ateri hugawanyika mpaka inakuwa vijishipa vyembamba kuliko unywele, nguvu ya damu inapungua, ndipo damu inapoingia kwenye vena taratibu.

Nyuma ya macho, chini ya ubongo, kuna mahali palipoumbwa namna ya peke yake. Kuna kama tangi dogo la damu ya vena kila upande, na ateri kubwa inayopanda kutoka shingoni kwenda kwenye ubongo inapita ndani ya tangi hilo. Watu wa Newala watanielewa haraka, kwa kuwa wanayajua maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka bondeni na wanavijua visima vya kuvunia maji ya mvua. Fikiria bomba la pampu limepitishwa katikati ya kisima cha nyumbani. Bomba likiwa zima, kisima kimetulia. Bomba likitoboka humo ndani, maji ya pampu yanajaa kisimani kwa nguvu, na kwa kuwa yanatafuta pa kutokea, yanarudi nyuma kupitia mifereji iliyokuwa ikiingiza maji.

Mfereji mmoja mkubwa unaoingia kwenye tangi hilo ni vena inayotoa damu jichoni. Ateri ikitoboka, damu iliyotakiwa kutoka jichoni inashindwa kutoka, na badala yake damu yenye nguvu inarudishwa jichoni. Hapo utaelewa kila dalili. Mishipa ya jicho inajaa, jicho linakuwa jekundu. Nyuma ya jicho panavimba, jicho linachomoza. Kila moyo unapopiga, jicho linadunda. Msukumo wa damu kwenye tundu unatoa ule mvumo. Na kwa kuwa mishipa ya fahamu inayogeuza jicho inapita kwenye tangi hilo hilo, mmoja wao ukiwa umelala kandokando ya ateri yenyewe, jicho linashindwa kugeuka upande wa nje na mgonjwa anaona vitu viwili.

Kwa kitaalamu tundu la namna hii huitwa fistula. Hapa naomba nifafanue, maana neno hili akina mama wengi wanalijua kwa ugonjwa mwingine, ule wa kuvuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu wa kujifungua. Fistula ni njia isiyostahili kati ya sehemu mbili za mwili, popote ilipo. Kwa hiyo mume akisoma neno fistula kwenye barua ya rufaa ya mkewe anayeumwa jicho, asije akashangaa wala kuona aibu.

Ugonjwa huu haukuanza na bodaboda. Mwaka 1809 huko London daktari Benjamin Travers alimtibu mwanamke ambaye, alipokuwa mjamzito, alisikia ghafla kitu kama kimekatika kichwani, kisha jicho lake likaanza kuchomoza na kudunda, na mvumo haukumwacha. Travers alifunga ateri ya shingoni kwa uzi, na mwanamke yule akapata nafuu. Daktari mwenyewe alidhani kasoro iko ndani ya tundu la jicho. Hakujua kwamba iko nyuma zaidi. Lakini masikio yake na vidole vyake vilikuwa vimeshamwambia kwamba jicho lile halikuwa na ugonjwa wa kawaida.

KUTAMBUA UKIWA ZAHANATI

Anza kwa kutazama. Salfa huwasha macho yote mawili, huchoma, machozi yanatoka, na kwa kawaida hali inatulia mtu akinawa vizuri na kukaa mbali na vumbi. Macho mekundu ya kuambukizwa yana tongotongo au machozi mengi, na mara nyingi kuna mwingine nyumbani mwenye hali hiyo. Vikope hukwaruza, na kope zikigeuka ndani huchoma mboni. Jicho la fistula lina wekundu wa aina yake: mishipa imenenepa na kujipinda kama mizizi, na imeenea kuanzia pembeni mpaka ukingoni mwa mboni. Kinachoonekana ni mshipa mmoja mmoja uliovimba, tofauti na jicho ambalo limegeuka rangi tu. Mara nyingine ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho huvimba hata ikaning'inia nje ya kope.

Kisha mtazame mgonjwa kwa juu, wewe umesimama nyuma yake naye ameketi, ulinganishe macho mawili. Jicho lililochomoza litaonekana. Tazama kwa upande kama linadunda. Mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Mpime uwezo wa kuona jicho moja moja, na uandike ulichokiona, kwa sababu hospitali ya mbele itataka kujua kama hali imeshuka au imebaki vile vile.

Sasa ndipo kipimo nilichokitaja. Tafuta chumba kimya. Mgonjwa afumbe macho, weka chombo cha kusikilizia taratibu juu ya kope iliyofumba, halafu mwambie afumbue jicho lile lingine ili kope ya jicho unalolisikiliza itulie, na abane pumzi kwa muda mfupi. Sikiliza huku kidole chako kiko kwenye mapigo ya mkono wake. Ukisikia mvumo unaokwenda sambamba na mapigo, umepata jambo kubwa. Sikiliza jicho la pili, na sikiliza kwenye panja pia. Ikiwa jicho lina jeraha la kupasuka, usiliguse kabisa.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kutosikia mvumo hakumaanishi kwamba fistula haipo, kwa kuwa zipo ndogo zisizotoa sauti. Na watoto wadogo, pamoja na wenye upungufu mkubwa wa damu, wanaweza kutoa mvumo bila kuwa na tundu lolote. Kwa hiyo mvumo peke yake hautoshi. Mvumo pamoja na jicho jekundu lililochomoza, na historia ya kuumia kichwa, hapo usimkawize mtu.

Tusisahau kwamba jicho huchomoza kwa sababu nyingine pia. Ugonjwa wa tezi la shingo huchomoza macho, mara nyingi yote mawili. Usaha nyuma ya jicho huja na homa na maumivu makali. Uvimbe wa saratani huchomoza jicho polepole, na mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe apelekwe hospitali mara moja. Hakuna hata moja kati ya haya linalofaa kungojewa nyumbani.

KINA MAMA WATU WAZIMA

Kuna aina ya pili ambayo haihitaji ajali. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wenye shinikizo la damu wamo pia. Hapa ateri kubwa haikutoboka. Vijiateri vidogo vya utando unaofunika ubongo ndivyo vimejiunga na lile tangi. Nguvu ya damu ni ndogo, kwa hiyo dalili huja polepole: jicho moja jekundu kwa miezi, kichwa kuuma upande mmoja, kope nzito. Mvumo unaweza usiwepo. Bibi wa namna hii anaweza kupewa dawa za vikope mwaka mzima. Jicho la mtu mzima likibaki jekundu wiki nyingi bila tongotongo na bila kusikia dawa, apelekwe kwa mtaalamu wa macho apimwe presha ya jicho. Kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, na kwa wenye fistula hupanda, na presha ikikaa juu huua mshipa wa fahamu wa kuonea.

Hapo niseme neno juu ya matone ya dukani. Yapo yaliyochanganywa na steroidi, ambayo huondoa wekundu kwa siku chache mtu akadhani amepona. Steroidi ikitumiwa kwa muda mrefu nayo hupandisha presha ya jicho. Mwenye fistula akiyatumia anaongeza moto juu ya moto.

JE, NI JINI?

Suala hili siwezi kulikwepa, maana ndilo linalowachelewesha wengi. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni jambo jema na hakuna daktari mwenye akili atakayelizuia. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kutafuta dawa, na haya mawili hayapingani. Asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Sauti ya jini haiendi sambamba na mapigo ya mkono. Na mvumo ambao mtu wa pili anausikia kwa chombo, huo una chanzo mwilini.

Kinachonitia hofu zaidi ni mikono. Mgonjwa asipigwe chuku wala chale kwenye panja au kope, kwa kuwa mishipa ya hapo imejaa damu yenye nguvu na inaweza kutoka isizuilike kirahisi. Jicho lisikandwe wala kusukumwa lirudi ndani. Majani yasikamuliwe humo. Jicho lisilofumba vizuri linakauka na kupata kidonda, basi lilindwe kwa dawa ya mafuta ya macho mpaka afike kwa wataalamu.

Kuhusu sala, anayepata maumivu makali au mvumo kuzidi anapoinama, sheria ina nafasi ya kusali kwa ishara akiwa ameketi. Amuulize sheikh wake, asiache sala wala asijiumize.

Kutoka uwandani mpaka Dar es Salaam

Mgonjwa wa Newala ataanzia hospitali ya wilaya, na wa Masasi ataanzia Mkomaindo. Karibu na Masasi iko pia hospitali ya Ndanda. Kipimo cha altrasaundi, kile kile kinachotumika kwa wajawazito, kikitumiwa na mtu aliyefunzwa kinaweza kuonyesha vena ya jicho iliyopanuka, na kikiwa na uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu kitaonyesha damu inakwenda kinyume. Hii ni hatua nzuri ambayo husahaulika. Baada ya hapo Mtwara kuna Ligula, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Kipimo cha CT Scan chenye dawa ya kung'arisha mishipa, au MRI, huonyesha vena iliyovimba, misuli ya jicho iliyonenepa, na mifupa iliyovunjika kama ipo.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni angiografia. Mtaalamu hupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya kinena au ya mkono, anaupandisha mpaka shingoni, anaingiza dawa na kupiga picha mfululizo huku damu ikitembea. Hapo tundu linaonekana lilipo, ukubwa wake, na damu inakimbilia wapi. Hilo la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote. Damu ikirudi kwenye vena za ubongo, hatari ya kuvujia ndani ya kichwa ipo, na mgonjwa hawezi kuwekwa kwenye foleni. Kipimo hiki kina hatari zake, ndogo lakini zipo, ikiwemo kiharusi, na mwenye ugonjwa wa figo au kisukari aseme mapema kwa sababu ya dawa ile. Kwa Tanzania, safari hii huishia Muhimbili, ambako pia iko Taasisi ya Mifupa ya MOI inayotibu ubongo na mishipa ya fahamu. CCBRT nako huhudumia macho, na kwa bahati wao hao hao wanatibu ile fistula nyingine ya kina mama, hivyo dirishani taja wazi kuwa tatizo lako ni la jicho.

Safari ni ndefu na nauli si ndogo. Ndiyo maana barua ya rufaa iandikwe kwa ukamilifu: tarehe ya ajali, tarehe jicho lilipoanza kubadilika, uwezo wa kuona wa kila jicho, presha ya jicho kama imepimwa, na kama mvumo ulisikika. Barua inayosema "jicho jekundu, tafadhali saidia" humfanya mgonjwa aanze foleni upya. Dalili nyingine zikionekana, asingoje barua nzuri: kuona kupungua kwa haraka, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, kutapika, degedege, kupooza upande mmoja, au damu nyingi puani baada ya kuumia kichwa.

Na asije akashangaa jicho zima la upande wa pili nalo likianza kuwa jekundu. Matangi yale mawili yameunganishwa, kwa hiyo tundu la kulia linaweza kuonekana kushoto, au kote kuwili.

Matibabu ya siku hizi hufuata njia ile ile ya mrija. Fedor Serbinenko wa Moscow ndiye aliyefungua mlango huo miaka ya 1970 mwanzoni, kwa kupeleka kipulizo kidogo mpaka kwenye tundu na kulifunga kutoka ndani huku ateri ikiendelea kupitisha damu ya ubongo. Sasa hutumika zaidi nyuzi laini za madini zinazojikunja, au dawa inayoganda. Ile aina ya pili ya kina mama, baadhi hujifunga zenyewe, na daktari anaweza kuamua kungoja huku akipima presha ya jicho mara kwa mara. Wapo wanaofundishwa kubana ateri ya shingoni kwa muda mfupi. Jambo hilo lisifanywe kwa kusikia tu, kwani mwenye mishipa iliyochoka anaweza kupata kiharusi.

Tundu likizibwa, mara nyingi mvumo hukatika pale pale kitandani, na wekundu hupungua ndani ya siku na wiki. Kuona vitu viwili huchukua miezi, na uwezo wa kuona uliokwisha kupotea kwa presha haurudi. Mgonjwa akisharudi nyumbani aendelee kwenda kliniki ya macho, na usiku mmoja akiusikia tena ule mvumo, asingoje mpaka jicho liwe jekundu.